Mashine, Mwambie Fundi Wako

Kabla jeneza halijafungwa, mama mkwe wangu alinishika kiwiko, akanitoa katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Subi, nenda ukamwone. Sasa unaruhusiwa. Na kama una neno la kumwambia, mwambie." Hiyo ilikuwa mwezi uliopita, pale pale Makandana, Tukuyu, kwenye sebule niliyoifagia kwa miaka mingi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonizidi urefu na miwani ya kusomea inayokaa kichwani muda wote, lakini nilitembea kwa hatua ndogondogo kama bibi harusi. Watu walinipisha njia. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kwa nini mama mzima anaogopa kusogelea jeneza la baba mkwe wake, na hakuna aliyecheka.

Wazee wetu hali hiyo wanaiita ukutila. Ni kuogopa kwa heshima. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye. Akimsikia anakuja njiani, anaingia migombani na kuinama mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, na hata siku zile wengi walikuwa wameshaacha, lakini ukoo wa Lusajo, mume wangu, ulikuwa haujaacha, na mimi niliolewa nikijua. Nyumba ilikuwa na milango miwili, wa mbele wake na wa nyuma wangu. Nilikijua kikohozi cha Tata, ndivyo tulivyomwita baba mkwe, nilizijua hatua za viatu vyake vya kiwandani, niliujua mgongo wake ukipotea kwenye ukungu wa asubuhi. Uso sikuujua. Ukutani kulikuwa na picha yake moja ya ujanani, na hata hiyo kofia ilifunika nusu. Sitaeleza zaidi habari za ukoo; anayezitaka aende kwa wazee, watampa mpaka achoke. Mimi nataka kuueleza mwaka mmoja tu, ule tuliofunga mota kwenye mashine yake.

Mwaka ule ulianza vibaya na ukaendelea vibaya. Wakati wa masika nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Walimzika wanawake, nyuma ya nyumba, mimi nikiwa bado kitandani hospitali. Niliporudi nilikuta nguo zake ndogo zimekunjwa juu ya kabati, na hakuna mtu aliyethubutu kuzitaja wala kuziondoa. Nilikuwa nimesomea umeme na elektroniki chuo cha ufundi kule Mbeya, na kabla ya ujauzito nilikuwa natengeneza simu kwenye kimeza barazani; sasa simu za watu zilikaa kwenye boksi na wenyewe walikuja kuzichukua zikiwa mbovu vilevile. Lusajo alikuwa dereva wa lori la Zambia, akija siku mbili, akiondoka wiki tatu. Halafu, kabla matanga hayajasahaulika, Tata naye akaanguka karakanani, kiharusi, na alipotoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, na maneno yake yakitoka mazito, kama mtu anayeongea na ndizi ya moto mdomoni.

Tata alikuwa amefanya kazi kiwanda cha chai maisha yake yote, fundi wa kuchonga vyuma. Alipostaafu, kiwanda kilikuwa kinatupa mashine yao kuukuu ya kuchongea, mafundi wanaiita milingi, naye akaitaka kuliko kitu kingine chochote walichokuwa wanampa. Ilikuja kwa trekta, wanaume wakaiingiza karakanani kwa magogo na kelele nyingi. Karakana ilikuwa chumba cha matofali kilichoegemea jiko letu, kina dirisha moja na bati bila dari. Mashine ile ni hivi: kuna meza nzito ya chuma, juu yake unabana kipande chako kwenye jiriwa, kisu kinazunguka juu ya kipande, na wewe unaisogeza meza kwa kuzungusha hendeli, moja ya kwenda kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma. Inataka mikono miwili. Tata alikuwa amebaki na mmoja, tena ule ambao maisha yake yote ulikuwa msaidizi.

Kati ya jiko na chumba chake cha kulala kulikuwa na ukuta mwembamba, na mimi nilikuwa naishi jikoni. Nilisikia kila kitu. Nilisikia Mama, mkewe, akimbembeleza ale, nilisikia kijiko kikigonga sahani mara moja na kunyamaza. Nilipika mbalaga ya ndizi na maharage, nikamwekea maziwa mgando pembeni jinsi anavyopenda, na sahani ilirudi ilivyokwenda, imepoa, imeganda juu. Siku moja jioni, mvua ikiwa imetulia, nikamsikia akisema polepole, akilivuta kila neno, "Mama Lusajo, usihangaike. Mimi nimeshakufa. Bado kuzikwa tu." Mama aliinuka. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi ambazo nilikuwa nimeshazimenya. Nilikasirika. Sijui hasira ilitoka wapi, maana miezi mingi sikuwa na hisia yoyote, lakini nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Mtoto wangu hakupewa hata pumzi moja, na huyu mzee anazo pumzi zake anazirudisha kama sahani.

Lusajo alipiga simu akiwa Tunduma. "Baba hawezi tena ile mashine," alisema. "Nimeongea na watu wa chuma chakavu. Nikija mwisho wa mwezi wa kumi na mbili nakuja na lori, tunaipakia. Akiwa anaiona pale kila siku ndiyo inamuua." Alikuwa anampenda baba yake, sitaki mtu amfikirie vibaya. Nilimpa Mama simu, akasikiliza, akasema, "Haya, mwanangu," akakata. Kisha akanitazama. "Wakiibeba ile," alisema, "tuandae na sanda kabisa."

Nilikuwa nimeona kwenye simu, video za watu wa nchi za mbali wakiwa kwenye vibanda vyao nyuma ya nyumba, wametoa hendeli za mashine kuukuu kama ya Tata na kufunga mota mahali pake. Si mota za kawaida. Ni zile zinazokwenda kwa hatua ndogondogo, kama zilizomo ndani ya mashine za kutolea kopi. Kompyuta inaziambia zitembee kiasi gani, na meza inakwenda yenyewe, hata kwa mzunguko ambao mkono wa mtu unauweza kwa shida. Nilimwambia Mama. Mama akaenda chumbani kwa Tata akamwambia. Jibu nililisikia mwenyewe kupitia ukuta kabla hajaniletea. "Mwambie ile si redio."

Kwa hiyo sikuomba ruhusa tena. Nilizishusha zile nguo ndogo kutoka juu ya kabati, nikazigawa kwa mwanamke mmoja wa Suma aliyekuwa amejifungua, na akiba niliyokuwa nimemwekea mtoto nikampa dereva mwenzake Lusajo aniletee mota na vidude vya kuziendesha kutoka Dar. Kompyuta niliipata kwenye shule iliyokuwa inabadilisha zake, limashine la zamani lenye kioo cha kisogo kikubwa. Niliingia karakanani kwa mara ya kwanza maishani. Ilinuka mafuta na baridi. Sweta lake la kazi lilikuwa bado kwenye msumari. Kutu ilikuwa imeanza kwenye meza, kutu ya Tukuyu haimsubiri mtu apone, nikaifuta kwa mafuta ya taa na kitambaa, nikilia, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu masika.

Siku nilipofunga mota ya kwanza, nilikuwa peke yangu. Niliiambia kompyuta isogeze meza kulia, kisha irudi. Ilisogea. Ilinguruma, ikakwaruza, lakini ilisogea, yenyewe, bila mkono wa mtu. Nikaiacha inakwenda na kurudi, naitazama tu kama mjinga. Ndipo nikasikia viatu. Kimoja kilikanyaga, kingine kilikuwa kinaburuzwa. Hakuna njia ya kutoka karakana ile ila mlango mmoja, na mlangoni ndipo alipokuwa. Nilijitupa nyuma ya rafu ya vyuma, nikafunika kichwa kwa kitenge changu, nikachuchumaa. Alisimama pale muda mrefu. Meza ilikwenda, ikarudi. Alijua nipo, kompyuta ilikuwa inawaka, na miguu yangu lazima ilionekana. Halafu akasema, kwa sauti yake ile nzito, "Wewe mashine. Mbona unalia upande wa kushoto? Hawajakutia mafuta huko." Akageuka, akaondoka, akiburuza mguu. Jioni ile sahani ilirudi nusu.

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mama alitundika kitenge cha kijani katikati ya karakana, kikikata nafasi kutoka ukutani mpaka kwenye mgongo wa mashine, tena akanitobolea mlango mdogo upande wa jiko, akiyang'oa matofali kwa panga, ili nisipishane na Tata. Upande wake kulikuwa na meza, jiriwa na kisu. Upande wangu kulikuwa na kompyuta, nyaya na sanduku la umeme. Yeye hakusema na mimi hata siku moja. Alisema na mashine. "Mashine, mwambie huyo anayekuendesha apunguze mwendo." Mimi nikajibu, nikiikazia macho kompyuta, "Mashine, mwambie Tata nimepunguza." Mama alikaa kwenye stuli mwisho wa kitenge, ambapo aliziona pande zote mbili, akichambua maharage au akifuma, na maneno yakishindikana yeye aliyabeba. "Hii mashine ina adabu kuliko nyie wote," alisema mara moja, na nikasikia upande wa pili mzee akicheka kwa pua.

Lakini msije mkadhani tulikuwa na raha. Kila kitu kilikataa. Umeme ulikatika katikati ya kazi na meza ikasahau ilipokuwa. Kidude kimoja kiliungua, moshi, harufu, na cha kubadilisha hakikuwepo ila Dar. Ukungu uliingia kwenye kompyuta ikagoma kuwaka mpaka tukaiwekea jiko la mkaa pembeni kama mgonjwa. Mota moja ilikosa nguvu; kisu kilipouma chuma, yenyewe ilitetemeka na kuruka hatua, kazi ikaharibika, tena na tena. Mwezi wa kumi na moja ulifika na hatukuwa tumechonga kitu hata kimoja cha maana. Siku hizo mbaya Tata alirudi kitandani na kugeukia ukuta, na sahani zikarudi zimejaa. Nami nilikaa jikoni nikiwaza kwamba nimempa mzee tumaini la kijinga, na tumaini likifa ndani ya mgonjwa linamwondoa haraka kuliko ugonjwa. Niliomba. Sikujua naomba nini. Niliomba tu isije ikawa ni mimi.

Kazi tuliyokuwa tunaitaka ilikuwa sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ya mtambo wa kukaushia majani kwenye kile kiwanda chake cha zamani. Ya kwao ilikuwa imekatika meno na walikuwa wamemwulizia Tata, kwa mazoea tu, bila kujua ana mkono mmoja. Yeye alituma neno kwamba ataitengeneza. Mama aliponiambia nilimtaka arudie. Mtu aliyesema ameshakufa alikuwa amechukua kazi.

Kwanza tulijaribu duara la kawaida kwenye kipande cha bati nene. Kompyuta ilichora duara safi kabisa kwenye kioo, nikajisifu moyoni. Upande wa pili nikasikia kidole gumba chake cha kushoto kikipita kwenye ukingo wa kipande, taratibu, kikizunguka. "Mashine," alisema, "duara lako hili ni yai." Kisha akaieleza, na ndiyo maneno marefu zaidi niliyowahi kumsikia akisema tangu augue. Alisema skrubu ya meza imelika kwa miaka, kwa hiyo ukitoka kwenda upande mmoja ukataka kurudi, kuna nafasi tupu, unazungusha na meza bado haijasogea. Fundi anaiita mchezo. Mikono yake ilikuwa inaujua mchezo ule yenyewe, inaumaliza kwanza kabla ya kukata. "Wewe huna mikono," aliiambia. "Inabidi uambiwe." Aliupima kwa saa ya mafundi, yenye mshale wa kupimia nafasi ndogo, Mama akaniletea namba, nikaiingiza kwenye kompyuta kwa kila skrubu, na duara lililofuata lilikuwa duara. Alikaa nalo kiganjani mpaka chakula cha mchana, akala na mkono mmoja huku duara liko pajani. Nilifurahi siku ile, nasema wazi, nilifurahi mpaka nikaona aibu mbele ya kaburi la mwanangu.

Kosa letu lilikuwa la kitenge. Tuliigawa mashine vilevile tulivyoigawa nyumba. Kwenye mashine ya aina ile lazima uwe na kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu, na nilipouliza kikae wapi, Tata aliiambia mashine kwamba mambo ya umeme yakae upande wa umeme. Kikakaa upande wangu, upande wa mtu asiyeona kisu. Na swichi ya zamani inayozungusha kisu, ile ya tangu kiwandani, ilibaki upande wake, sikuigusa, maana kuigusa ningelazimika kusimama pale anaposimama yeye. Kwa hiyo kitufe changu kilisimamisha meza tu. Kisu kilikuwa na swichi yake. Mtu mwingine yeyote duniani angeliona hilo kosa siku ya kwanza. Sisi tuliona ni heshima.

Siku tuliyoanza kuchonga sproketi ilikuwa siku moja kabla ya Lusajo kufika na lori. Mchana mvua ikashuka, mvua ya Tukuyu juu ya bati lisilo na dari, hata ukipiga kelele hujisikii. Siku nyingine tungesimamisha kazi, kwa kuwa maneno mazito ya Tata hayakuweza kunifikia kwenye kelele ile. Lakini yalikuwa yamebaki meno machache, na wote watatu tulikuwa tunajua lori linakuja. Mama alisogeza stuli yake karibu. Meza ilikuwa inakwenda polepole, kisu kinakula chuma, mimi natazama namba kwenye kioo zikibadilika. Tata alikuwa ameegemea mbele kuangalia kwa karibu, na ule mkono wake uliokufa ulikuwa umelala juu ya meza. Hakuusikia. Meza ilikuwa inaupeleka kwenye kisu naye hajui.

Mama alipiga yowe, "Mkono!" Nilipiga kitufe. Namba zilisimama. Lakini mlio wa kisu haukusimama, ulibadilika tu, ukawa mzito, na kitenge kikavutika kuelekea upande wa pili kana kwamba kuna mtu anakishika. Kisu kilikuwa kimekamata mkono wa sweta na kinausokota. Alikuwa anavutwa nao, na mkono wake mzima haukuweza kuifikia swichi. Sikufikiri. Nikisema nilifikiri nitakuwa naongopa. Nilipita katikati ya kitenge kikachanika kutoka kwenye misumari yake, nikaruka juu ya miguu ya Mama, nikaigonga swichi kwa kiganja. Kisu kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Nikamshika mabega ili asianguke. Uso wake ulikuwa pale, karibu na wangu, ndevu fupi nyeupe, kovu dogo kwenye nyusi. Alikuwa amefumba macho. Ameyabana kabisa, kope zinatetemeka, damu inamtiririka kwenye vidole asivyovisikia, na yeye anayabana macho ili asinione wala mimi nisitazamane naye. Akasema, si kwa mashine, kwa mara ya kwanza na ya mwisho si kwa mashine, "Mwanangu, umeumia?"

Sikumjibu. Nilitaka, lakini mdomo uliozoea kunyamaza mbele yake ulikataa. Mama alikuwa ameshaleta mkasi wake wa kushonea, anakata sweta. Nilimwachia mzee mikononi mwake, nikashuka magoti, nikajifunika kichwa, nikarudi nyumanyuma mpaka mlango wangu wa matofali. Waliondoka kwa bajaji kwenda hospitali, mvua ikiwa inapiga. Nilibaki jikoni na mikono yenye damu yake, na sikuthubutu kuinawa.

Alipoteza ncha za vidole viwili. Kwa maneno ya Mama, alimwambia daktari asivihurumie, vilikuwa vimetangulia. Lakini kesho yake, Tata akiwa amesharudishwa nyumbani, walifika shangazi wawili wa Lusajo kutoka Masukulu, wakaketi sebuleni na vitenge vyao vya kwendea msibani, na mimi nikiwa jikoni namenya ndizi nikawasikia kupitia ukuta wa upande wa sebule. "Amemtazama." "Amemshika na mikono yake, Ee Kyala, Mungu wetu." "Unauliza kwa nini tumbo lake halishiki? Mtu aliyezoea kuwa karakana moja na mkwe wake!" Lusajo alikuwa amefika asubuhi, lori limesimama barabarani na vijana wawili wa kupakia. Alikuja jikoni, akasimama mlangoni, akaniangalia, funguo za lori bado mkononi. Nilimwambia, "Niache nifunge begi langu." Naye, maskini, akakaa tu chini sakafuni. Nilifunga begi. Nguo zangu zilikuwa chache. Nilijua nikitoka pale sirudi, na nilijua mashine ikipanda lori mzee hafiki Pasaka, na vyote viwili nilikuwa nimevisababisha kwa kukosa kufunga waya mmoja. Sijawahi kukaa mahali penye giza kama pale, na ilikuwa saa nne asubuhi.

Ndipo tukasikia nyundo. Ilikuwa inagonga vibaya, inakosea, inagonga tofali, inarudia. Ilitoka karakanani. Lusajo alikwenda kuchungulia, akarudi uso umebadilika. "Baba anatundika kitenge," alisema. Kwa mkono wa kushoto, misumari ameishika kwa meno, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alipomaliza nyundo ikaanguka chini, na sauti yake ikapanda, nzito, imepinda, lakini ya kutosha kufika sebuleni, jikoni na hata kwa wale vijana wa lori. "Mashine! Mwambie fundi wako, kitufe cha pili kinakaa wapi? Nangoja."

Kupitia mlango nilimwona shangazi mkubwa akirekebisha kitenge chake. Kisha Mama akatokea mlangoni pa jiko, macho mekundu, akalichukua begi langu akaliweka juu ya kabati, pale zilipokuwa zile nguo ndogo. "Unaitwa," akaniambia. "Ndaga fijo, asante sana mwanamke, nenda."

Nilifunga kitufe cha pili upande wa Tata, na swichi ya kisu nikaiunganisha na vitufe vyote viwili. Nilifanya kazi hiyo akiwa amesimama nje mvuani, na nilipomaliza nikagonga chuma mara moja ili ajue. Tukamalizia meno yaliyobaki. Lori liliondoka tupu, na ile sproketi, pamoja na alama ndogo kwenye jino moja mahali kisu kilipoacha kazi na kukamata sweta, ilikwenda kiwandani na kufanya kazi. Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwafundisha vijana wengi pale, na kila aliyeingia alikikuta kitenge na akajifunza kuongea na mashine kama sisi, akidhani ndivyo kazi hiyo inavyofanywa. Nilizaa wanangu. Kila mmoja alikaa kwenye goti lake, akaja kuniambia babu kasema hivi, nami nikamtuma arudi na jibu.

Lakini lile swali la siku ya ajali lilibaki. Mambo yote aliyoniuliza kupitia mashine niliyajibu kupitia mashine. Lile hakuliuliza kwa mashine. Aliniuliza mimi, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumjibu yeye, na hakuliuliza tena. Miaka yote nilipokuwa upande wangu wa kitenge, akikohoa upande wa pili, jibu lake nilikuwa nalo mdomoni.

Nilisogea kwenye jeneza. Ndevu zilikuwa ndefu kidogo kuliko siku ile, na kovu lilikuwepo kwenye nyusi. Walikuwa wameuweka mkono wa kulia juu, vidole vyake viwili vifupi vinaonekana. Alikuwa amefumba macho, safari hii bila kuyabana. Nilijifunika kichwa, nikapiga magoti ili mdomo wangu uwe karibu na sikio lake.

"Sikuumia, Tata," nikamwambia.